Mruko wa Pili wa Atlanta

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana ambao sasa mnalala katika mabweni tuliyoyaacha,

Mhariri wa gazeti hili aliniomba makala ya historia, na bila shaka alitazamia niandike juu ya waasisi wa shule au juu ya jengo la maabara. Hayo wataandika wazee wanaoyafahamu kuliko mimi. Nimechagua jambo dogo ambalo wengi wa darasa letu tulilishuhudia pamoja, jioni moja ya Julai 1996, tukiwa tumekaa juu ya meza za bwalo kwa kuwa mabenchi hayakutosha. Jambo lenyewe ni msichana wa Kimarekani aitwaye Kerri Strug, akikimbia kwenda kuruka farasi hali kifundo cha mguu wake kimeteguka.

Vijana wa leo hawana budi kuelewa kwamba televisheni wakati ule ilikuwa bado kitu kigeni kwetu. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kenya waliipata mapema zaidi, mwaka 1962. Lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ilikuwa ya kwanza kwetu kuitazama kwa macho badala ya kuisikiliza redioni, na shule nzima ilijazana mbele ya kioo kimoja.

Hii ilikuwa shule ya wavulana watupu. Ilipotangazwa jimnastiki ya wasichana, bwalo lilijaa kelele na mizaha, maana tulikuwa tunasubiri ndondi. Mizaha ile haikudumu. Mtu akishaona binadamu anapiga pindu juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, mita 1.25 kutoka chini, kisha akashuka na kusimama wima, hana la kutania. Hadi marudio yalipofikia zamu ya mwisho ya Wamarekani, bwalo lilikuwa kimya.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 23 Julai Wamarekani walikuwa wanaongoza fainali ya timu za wanawake, Warusi wakiwafuata. Walikuwa wamebakiza farasi, chombo ambacho mchezaji hukikimbilia, akakanyaga ubao wa kumrusha, akakigusa kwa mikono na kujizungusha hewani kabla ya kutua. Dominique Moceanu, mtoto wa miaka 14, aliruka mara mbili na mara zote mbili akakalia matako. Akafuata Strug, miaka 18, wa mwisho katika timu. Mruko wa kwanza akatua vibaya, akaanguka, akainuka akichechemea. Alipewa 9.162. Mwalimu wake, Béla Károlyi, alikuwa kando ya uwanja akimpigia kelele kwamba anaweza. Strug akarudi mwanzo wa njia, akakimbia, akaruka, akatua kwa miguu miwili, mara akaukunja mguu wa kushoto kama kuku, akawageukia waamuzi kwa mguu mmoja, kisha akaanguka kwa magoti. Pointi 9.712. Bwalo letu lililipuka kana kwamba bao limefungwa. Halafu tukamwona Károlyi amembeba mikononi kwenda kupokea dhahabu, mguu umefungwa bendeji.

Asubuhi yake mwalimu wa zamu alimtaja msichana yule mstarini kuwa ni mfano wa uvumilivu. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo, na kwa miaka mingi nilisema.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mruko ule una ukoo wake. Jimnastiki ya vyombo ilianzia viwanjani Ujerumani. Mwaka 1811 mwalimu aitwaye Friedrich Ludwig Jahn alifungua kiwanja cha mazoezi Hasenheide, nje ya Berlin, baada ya Prussia kushindwa vitani na Napoleon, akitaka vijana wenye viungo vya kuipigania nchi. Mchezo wenyewe, basi, ulizaliwa na harufu ya jeshi. Wanawake waliingizwa kwenye Olimpiki mwaka 1928 huko Amsterdam, tena kama timu tu. Mashindano ya mwanamke mmoja mmoja yalianza Helsinki mwaka 1952.

Mabingwa wa kwanza walikuwa wanawake hasa. Larisa Latynina wa Urusi ya Kisovieti alishinda Roma mwaka 1960 akiwa tayari mama wa mtoto, na hadi anastaafu alikuwa amekusanya medali 18 za Olimpiki, 9 zikiwa za dhahabu. Věra Čáslavská wa Czechoslovakia alikuwa na miaka 26 alipokwenda Mexico mwaka 1968. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameivamia nchi yake mwezi wa Agosti, naye akajificha milimani, ambako inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi kwa kubeba magunia ya viazi na kubembea kwenye matawi ya miti. Alishinda dhahabu nne. Wimbo wa taifa wa Kisovieti ulipopigwa aliinamisha kichwa na kukigeuza upande, na dunia ikamwona. Kwa kitendo hicho alilipa miaka mingi ya kunyimwa kazi na kusafiri. Ningependa siku moja mtu aandike juu yake peke yake.

Baada ya hapo kamera ilishika usukani. Katika Michezo ya Munich, mwaka 1972, bingwa wa jumla alikuwa Lyudmila Turishcheva, mchezaji mtulivu asiye na makeke. Waulize watu waliotazama, watakutajia jina la mwingine, Olga Korbut, binti wa miaka 17 kutoka Grodno. Alipiga pindu la kinyumenyume juu ya boriti, akacheka, kisha siku ya fainali ya jumla akakosea kwenye fito, akakaa akilia. Picha ile ya machozi iliingia sebuleni mwa watu ambao hawakuwahi kujali jimnastiki. Kamera ilipenda kimo kidogo, tabasamu na kilio. Haikuwa na haja ya mtu kama Turishcheva, ambaye mwaka 1975, katika mashindano ya London, fito zilibomoka nyuma yake mara tu alipotua, naye akawasalimu waamuzi na kuondoka bila hata kugeuka kutazama.

Miaka minne baada ya Munich ikawa Montreal. Tarehe 18 Julai 1976 Nadia Comaneci wa Romania, mwenye miaka 14 na uzito wa kilo 39 hivi, aliteremka kwenye fito na ubao wa matokeo ukaonyesha 1.00. Watu walishangaa. Ubao ulitengenezwa kuonyesha mwisho 9.99, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuna binadamu atapata 10 kamili. Nadia alipata 10 mara saba katika michezo ile. Mwalimu wake alikuwa ni huyu huyu Béla Károlyi, pamoja na mkewe Márta. Waliihama Romania mwaka 1981 na kuhamia Marekani, na ndivyo tulivyokuja kumwona Atlanta.

Kaka zetu wa miaka ya 1970 hawakumwona Nadia, na si kwa kukosa televisheni tu. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele wa nchi zaidi ya ishirini, karibu zote za Afrika, zilizosusia Montreal kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa inazuru Afrika Kusini, majuma machache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. John Walker wa New Zealand akaichukua dhahabu. Huo nao ulikuwa uamuzi wa kutocheza, na hakuna katika wazee wetu niliyemsikia akiuita woga. Naomba msomaji aushike hapo alipo, nitaurudia.

Montreal hiyo hiyo ilikuwa na Strug wake, ila alikuwa mwanamume. Mjapani Shun Fujimoto alivunjika mfupa wa goti kwenye sakafu, akaficha, akacheza farasi wa mishikio na kupata 9.5, kisha akacheza pete, akapata 9.7 na kutua kwa miguu kutoka juu. Mtuo ule ulimharibu goti zaidi, akatolewa. Japani iliishinda Urusi ya Kisovieti kwa 576.85 dhidi ya 576.45, yaani kwa pointi 0.40 tu. Miaka ya baadaye Fujimoto alipoulizwa kama angerudia, alijibu kwamba hapana.

Hayo yalionekana. Lakini mwanafunzi wa historia anatakiwa aulize pia habari za walioanguka pasipokuwa na kamera. Mwaka 1978 bingwa wa dunia alikuwa Elena Mukhina, Mrusi. Alivunjika mguu, na kabla haujapona vizuri akarudishwa mazoezini kwa ajili ya Olimpiki ya Moscow. Alikuwa anafundishwa pindu la kujisokota hewani linaloishia kwa kubiringika, lililobuniwa na mwanamume, Kurt Thomas wa Marekani. Asipopata urefu wa kutosha, mchezaji hutua kwa kidevu. Julai 1980, zikiwa zimebaki wiki mbili michezo ianze, Mukhina alitua kwa kidevu huko Minsk na kuvunjika shingo. Alikuwa na miaka 20. Alipooza mwili, akaishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006. Wakuu wa mchezo hawakutaka ieleweke vizuri kilichotokea. Mwaka 1988 alisimulia mwenyewe gazetini kwamba wazo lake la kwanza akiwa amelala pale chini lilikuwa kumshukuru Mungu kuwa hatakwenda tena Olimpiki. Nilipolisoma jambo hilo niliweka kitabu pembeni, nikatoka nje.

Mwaka huo huo wa 1988, mwezi wa Mei, Mmarekani Julissa Gomez, miaka 15, alikuwa anapasha mwili kuruka farasi huko Tokyo. Staili yake ilikuwa ile inayoitwa kwa jina la Natalia Yurchenko: mchezaji hufika kwenye ubao kwa kinyumenyume, hivyo farasi haioni anapoiendea. Unyayo uliteleza ubaoni, kichwa kikagonga farasi. Alifariki mwaka 1991. Siku hizi ubao huzungushiwa mkeka wa kinga kwa miruko ya namna hiyo. Mruko wa Strug ulikuwa wa ukoo huo huo wa Yurchenko, na sisi bwaloni hatukujua kabisa alikuwa anaikimbilia hatari ya namna gani kwa mguu mmoja.

Sasa tufanye hesabu, jambo ambalo hatukulifanya mwaka 1996 ingawa tulikuwa tunafundishwa desimali. Kila timu ilirusha wachezaji sita, pointi za watano bora zikahesabiwa. Matokeo ya mwisho yalikuwa Marekani 389.225, Urusi 388.404, Romania 388.246. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni 0.821. Kama Strug asingeruka mara ya pili, ile 9.712 ingeondolewa na mahali pake ingehesabiwa 9.200 ya Moceanu. Timu ingepungukiwa na 0.512. Ondoa hiyo katika 0.821, inabaki 0.309. Wamarekani wangepata dhahabu yao ile ile.

Kwa haki, pale uwanjani hakuna aliyekuwa na uhakika. Warusi walikuwa bado hawajamaliza sakafu. Strug mwenyewe alikuwa amefuzu fainali ya jumla ya mmoja mmoja, na mguu ule ukamfungia mlango. Nafasi yake ilichukuliwa na Moceanu. Hakurudi tena Olimpiki. Alisoma, akafundisha shule ya msingi, kisha akawa mtumishi wa serikali huko Washington. Nafarijika kidogo kuona kwamba ameishia mezani na majalada kama mimi.

Kuna jambo jingine ambalo kioo kilituonyesha na hatukuliona. Miongoni mwa wahudumu wa tiba wa timu ya Marekani pale Atlanta alikuwamo Larry Nassar. Mwaka 2016 gazeti la mji wa Indianapolis lilifichua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwadhulumu kijinsia wasichana waliopelekwa kwake kutibiwa. Januari 2018, mahakamani Michigan, wanawake zaidi ya 150 walisimama mmoja baada ya mwingine kutoa ushahidi, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wasichana wale walikuwa wamezoezwa tangu utotoni kwamba maumivu hayasemwi na mkubwa hapingwi. Sisemi kwamba mruko wa pili ndio ulioleta uovu huo. Nasema ule ukimya tuliokuwa tunaushangilia ndio aliojificha ndani yake.

Mmoja wa wale waliojitokeza kusema ni Simone Biles, aliyekuwa ameshinda dhahabu nne Rio de Janeiro mwaka 2016. Michezo ya Tokyo ilicheleweshwa mwaka mmoja kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na tarehe 27 Julai 2021 fainali ya timu ilionyeshwa mchana kwa saa zetu. Nilikuwa ofisini, na nakiri kwamba jalada lililokuwa mbele yangu lilingoja. Biles alikuwa na miaka 24. Alikimbilia farasi kwa mtindo wa Yurchenko, akakusudia kujisokota mara mbili na nusu, akafanya mara moja na nusu, akatua kwa shida. Alipata 13.766. Akazungumza na walimu wake, akaondoka uwanjani na daktari, akarudi amevaa suti ya mazoezi. Hakucheza tena jioni ile. Wamarekani walipata fedha.

Alieleza kwamba akili na mwili havikuwa pamoja, hakujua hewani yuko upande gani. Watu wengi, wa kwao na wa kwetu, walisema amekimbia. Kijana mmoja wa ofisini kwetu alinionyesha kwenye simu maneno makali kuhusu wachezaji wa siku hizi kutokuwa na moyo, yakiwa yamewekwa chini ya picha ya Strug mikononi mwa mwalimu wake. Wala sikumjibu. Nilikuwa namfikiria Mukhina, na Gomez ambaye aliangukia mji ule ule wa Tokyo. Mtu asiyejua yuko upande gani hewani, miguu ikiwa juu na kichwa chini, ana njia mbili tu za kutua. Strug mwenyewe alimtumia Biles salamu za upendo hadharani.

Biles alirejea siku chache baadaye akapata shaba kwenye boriti, na Paris mwaka 2024 akapata dhahabu tatu na fedha moja. Paris hiyo hiyo, tarehe 4 Agosti, Kaylia Nemour wa Algeria, miaka 17, alishinda fito kwa 15.700, medali ya kwanza ya jimnastiki kwa Afrika tangu Olimpiki ianze. Mzaliwa wa Ufaransa huyu alikuwa amepasuliwa magoti mwaka 2021, na ubishi juu ya lini anaruhusiwa kurudi mchezoni ulikuwa sehemu ya ugomvi uliomfanya aichezee nchi ya baba yake. Nilimtazama nikiwa na binti yangu. Yeye alitazama mikono, mimi nilikuwa natazama magoti.

Nimesema bwalo lililipuka mwaka 1996, nami nilikuwamo. Hilo lina mwisho wake hapa hapa shuleni. Mwezi wa Septemba tulikuwa na mashindano ya mabweni. Mwenzetu mmoja wa bweni langu, ambaye ameniruhusu nieleze ila jina amelikataza, alitua vibaya katika mruko wake wa kwanza wa miruko mirefu. Kifundo kilivimba mbele ya macho yetu. Akataka kuondoka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Atlanta!" na bweni zima likaitikia, Atlanta, Atlanta, mimi nikiwa mstari wa mbele. Akarudi akaruka. Tulimbeba mabegani kama Károlyi. Mguu ule ulikaa kwenye plasta hadi shule ilipofungwa, na hadi leo kwenye ngazi anatanguliza wa kulia.

Usiku wa ile siku ya Biles alinipigia simu. Tulizungumza mambo ya watoto na ya shamba, kisha akaniuliza kama ni kweli Wamarekani wangeshinda hata bila ule mruko wa pili. Nikamsomea hesabu niliyowaandikia hapo juu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi je?"

Nilikuwa nalo toleo la gazeti hili la mwaka ule, nikalitafuta, nikafungua ukurasa wa michezo. Kwa mruko wake wa pili alitoka nafasi ya nne akawa wa tatu, akatupatia pointi moja. Bweni letu lilimaliza la pili, nyuma ya wa kwanza kwa pointi kumi na moja, na mbele ya wa tatu kwa pointi sita.